Mkono Ambao Haukugonga

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kelele zako za kawaida ziko palepale. Najua nina simu na wewe unayo, lakini yako unaishika mbali na sikio kana kwamba inaunguza, na mwisho wa yote anayenijibu huwa mkazamjomba. Kwa hiyo naandika, kama ulivyotuzoesha.

Sisi hatujambo. Kazi ya lifti inaendelea. Wiki hii nimeshinda ndani ya shimo la jengo la ghorofa kumi na mbili, nabadilisha kamba za chuma, na wapangaji wa juu wananitukana kwa sababu wanapanda ngazi na vikapu vyao. Habari kubwa ni ya mkwe wako. Baada ya mwaka mzima wa kibarua, kituo cha mabasi kimemwajiri rasmi kuwa mtangazaji. Sasa ana kiti chake na kipaza sauti chake, na ile sauti unayoipenda ndiyo inayowaambia watu wote waende mlango gani. Siku moja nilikwenda kumchukua nikamsikia kabla sijamwona. Nilisimama pale na mkoba wangu wa spana, najigamba moyoni.

Mjomba, nina swali dogo, la udadisi tu. Kijana mmoja wa kazini ananiuliza, kwa kuwa anajua nilipitia mikononi mwako. Mtu akikabwa shingo kwenye judo, akagonga mkeka kuomba aachiwe, akaachiwa, kuna madhara yanayobaki baadaye? Au yakipita yamepita? Nimemwambia nitauliza kwa mwenyewe.

Mkwe wako anakuamkia. Msalimie mkazamjomba na goti lake.

Mpwa wako,
Kifundo

19 Machi

Mpwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mkazamjomba wako akisikiliza huku amenyoosha lile goti kwenye kiti cha wageni. Hakuna mgeni anayekaa humu ndani tena. Goti limechukua nafasi zote.

Mpe hongera mkwe wangu. Mwambie nilisema tangu siku ya kwanza, sauti ile si ya kununulia vitunguu. Na anywe maji, wasije wakamtumikisha mpaka akauke.

Ukumbini tupo. Paa linavuja pale kwenye kona ya wazito, nimeweka ndoo, na paka wa gereji ya jirani ameamua mikeka yangu ni chumba chake cha kujifungulia. Wanafunzi ni wengi kuliko enzi zenu na wavivu kuliko enzi zenu. Hakuna aliyevunjika kifundo cha mguu kwa kuruka ngazi kuonyesha wasichana, kwa hiyo jina lako bado ni lako peke yako.

Sasa hilo swali. Eti kijana wa kazini! Unafikiri nimezeeka hivyo? Umepata ukumbi huko, unataka kurudi mkekani, unaona haya kuniambia kwa sababu tumbo limetangulia. Usione haya. Nimefurahi mpaka nikafungua sanduku. Ndani ya kifurushi hiki kuna mkanda wako, uleule, nimeufua.

Kuhusu shingo, mambo ni yaleyale niliyokuwa nikiwapigia kelele. Watoto hawafundishwi. Wakubwa wanafundishwa mbele yangu tu. Anayegonga anaachiwa papo hapo, hata kama kidole kimegusa mkeka kwa bahati mbaya. Na mwamuzi haangalii uso, anaangalia mkono wa aliyekabwa, maana ukilegea huo mechi imekwisha, mwenyewe ajue asijue. Hata hivyo nimeona watu wakiamka na macho mekundu wakiuliza leo ni siku gani. Mimi sipendi.

Na ile sheria ya nyumba yangu usiisahau huko ugenini: ukimuumiza mwenzako, unavua mkanda unampa yeye. Atakurudishia akitaka. Mpaka hapo hukanyagi mkeka. Niambie ukumbi unaitwaje na mwalimu ni nani, nimchunguze.

Mjomba wako

22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Kamba zimekwisha, wakaniletea jengo lingine lenye lifti inayofungua mlango katikati ya ghorofa, mtu anajikuta anatazamana na ukuta. Nashinda humo.

Mkanda umefika, asante. Mkwe wako ameuona akaucheka, eti hautanizunguka. Umezunguka, ila fundo limebaki na masikio mafupi.

Ukumbi kwa kweli bado sijapata. Natafuta.

Mkwe wako hajambo sana ila sauti imemkwama. Inakwaruza, na jioni haitoki kabisa. Akila anasema kuna kitu kama kimesimama kooni. Msimamizi wake ni mtu mzuri, amemhamishia dirisha la tiketi mpaka apone, kipaza sauti kapewa mwingine ambaye anasoma majina ya miji kama anasoma hukumu. Mkwe wako haongei juu ya hilo lakini naona linamuuma. Anasema ni vumbi la kituoni. Mimi pia nasema ni vumbi. Lakini wewe umeona makoo mengi. Inaweza kuchukua wiki ngapi sauti kurudi? Na je, kichwa kumuuma upande mmoja, huku nyuma chini ya sikio, kinahusiana na koo au ni mambo mawili tofauti?

Poleni na paa. Paka amezaa wangapi?

Mpwa wako,
Kifundo

3 Mei

Mpwa,

Paka amezaa watano. Salamu zimekwisha.

Umeniuliza habari za shingo mara mbili, na mara zote mbili ukumbi hakuna. Mara ya kwanza ilikuwa shingo ya kijana wa kazini. Mara ya pili ni koo la mke wako. Mimi ni mzee wa mikeka, si mjinga.

Nilikwenda kwa daktari wa chama chetu, yule anayekaa pembeni ya ulingo siku za mashindano. Sikumtajia jina lako. Nilimwambia kuna mwanamke mzima wa afya, sauti imekwaruza wiki kadhaa, anameza kwa taabu, kichwa kinamuuma upande mmoja chini ya sikio. Kabla sijamaliza akaniuliza, "Nani anamkaba?" Nikamwambia hakuna anayempiga, nyumba ile ina amani. Akasema hajauliza kama anapigwa.

Kisha akafunga mlango akaniambia mambo ambayo katika umri huu sikutegemea kuambiwa. Kwamba siku hizi anawaona vijana kwa wazee, wake kwa waume, wanaokabana shingo kitandani, kwa hiari yao, na wanadhani ni mchezo kama mingine kwa sababu wameuona kwenye simu. Kwamba wengi hawana alama yoyote nje. Ndani ni habari nyingine.

Nakuuliza mara moja tu. Ni shingo ya nani? Na ni mkono wa nani? Nijibu hilo kabla ya kuniamkia.

Mjomba wako

11 Mei

Ni shingo yake. Ni mkono wangu.

Shikamoo, Mjomba. Nimeandika barua hii nikiwa ndani ya chumba cha mashine za lifti, juu kabisa, ambako hakuna anayenifuata. Nimeshaichana mara tatu.

Sikumpiga. Sijawahi kumpiga wala kumtukana, na mwenyewe atakwambia. Ilianza mwaka jana. Niliyaona kwenye video, na kazini vijana wanayaongea kana kwamba asiyefanya amepitwa na wakati. Nikamweleza. Alikubali. Lakini nikiandika "alikubali" tu nitakuwa nimekuficha. Kwanza aliogopa. Nikamwambia aogope kwa watu wengine, mimi ni tofauti, mimi nimefunzwa. Nikamwambia, "Niamini, nimepita mikononi mwa mjomba." Akacheka, akasema kama ni mjomba basi sawa.

Tukaweka sheria kama ya ukumbini. Akigonga mara mbili begani kwangu, naachia. Na alikuwa akigonga, nami nilikuwa naachia, kila mara. Niliona hatari haipo. Nilijiona mwalimu kabisa.

Mwanzoni mwa Aprili hakugonga. Nilikuwa nasubiri mkono wake begani na haukuja, nikadhani yuko sawa. Nilipomtazama macho yalikuwa wazi lakini hayupo. Mwili ukatikisika kidogo na akajikojolea. Nikamwita. Alipozinduka akaniuliza kwa nini nampigia kelele, na kwa nini shuka limelowa. Hakukumbuka kitu. Tukabadilisha shuka. Tulicheka, Mjomba. Sijui tulicheka nini.

Tangu siku ile hatujarudia, na hatutarudia. Kwa hiyo nadhani tatizo limekwisha, imebaki sauti tu na hicho kichwa. Nilimwambia twende hospitali, akasema atawaambia nini wale manesi, nusu yao wanapanda basi kituoni kwake na wanamjua. Sikumlazimisha. Na mimi sikutaka kuulizwa.

Nakuomba mkazamjomba asijue.

Kifundo

17 Mei

Mpwa,

Barua yako imefika leo asubuhi na naijibu nikiwa nimesimama.

Mpeleke hospitali. Usisubiri Jumatatu wala mshahara. Siku utakayosoma hapa, funga barua, mchukue, nendeni. Ukifika usiseme vumbi. Sema, "Nilimkaba shingo, akazimia, akajikojolea, sauti imebadilika, kichwa kinamuuma upande mmoja." Hivyo hivyo. Wameshasikia makubwa zaidi. Aibu ni yako wewe, usimbebeshe yeye.

Nimerudi kwa daktari nikamweleza yote, ila majina. Kujikojolea ni ubongo uliokosa damu. Tena haihitaji nguvu wala muda mrefu. Mishipa inayopeleka damu kichwani ipo hapa pembeni mwa shingo, karibu na ngozi, na ikibanwa mtu anazima upesi kuliko anavyoweza kuinua mkono. Ndani ya mshipa utando unaweza kuchanika kidogo, mtu akaamka, akaenda kazini, akapika, akacheka, na damu ikaganda pale kwenye mchaniko taratibu. Kisha siku moja, hata baada ya wiki kadhaa, kipande cha damu hiyo kinapanda kichwani. Ni kiharusi, kwa mtu wa umri wenu. Kwa hiyo hilo la "tumeacha" ni jema, lakini halijamaliza kitu.

Nilimuuliza kama kuna namna ya kufanya bila hatari, mkono ukae vipi, mtu awe mzoefu kiasi gani. Alisema hakuna. Ridhaa ni jambo la heshima kati ya watu wawili, lakini mshipa haujui nani karidhia.

Sasa mimi. Unasema umefunzwa. Nilikufunza nini? Nilikufunza kumshinda mtu aliyejiandaa kukushinda, mwenye mwamuzi juu ya kichwa chake na daktari pembeni, na bado nikakwambia sipendi. Sheria ya kugonga umeichukua nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya mwamuzi, yule anayetazama mkono ulegee, kwa sababu aliyezimia hagongi. Kitandani kwenu mwamuzi alikuwa nani? Umemnyang'anya mke wako hofu yake, nayo ilikuwa na akili kukushinda, ukamfunika kwa jina langu. Nimekasirika sana, mpwa wangu. Na nimeogopa.

Mpe mkanda. Unajua sheria.

Mkazamjomba wako sijamwambia sababu. Nimemwambia tu akupigie simu, mara tatu, haipatikani. Uko shimoni na lifti zako. Ukitoka, piga.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mkwe wako yu hai.

Nianze hapo kwa sababu mengine ni marefu. Ilikuwa tarehe 20, dirishani pa tiketi. Abiria alimpa noti, yeye akaitazama kama hajui ni kitu gani. Akataka kusema, maneno yakatoka yamechanganyika, ya kwanza mwisho. Abiria akadhani anamdhihaki. Msimamizi ndiye aliyeona mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umeanguka juu ya meza, akasimamisha teksi ya kwanza iliyopita. Madaktari wanasema teksi ile imeokoa mengi.

Walimpiga picha ya kichwa na ya shingo. Mshipa wa kushoto umechanika kwa ndani, vilevile alivyosema daktari wako. Walimuuliza kama alipata ajali ya gari, kama alianguka, kama anacheza michezo ya kupigana. Mimi nilikuwa nimesimama pale, Mjomba. Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Yeye ndiye aliyejibu. Alininyooshea kidole kwa mkono wa kushoto, kisha akajishika shingo. Daktari hakufoka. Alimwambia nesi anitoe nje, akamuuliza peke yake kama anaogopa kurudi nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la korido nikijua humo ndani zinaulizwa habari zangu.

Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mguu umerudi. Mkono unarudi polepole. Maneno yapo, ila yanatoka vipandevipande, na majina ya miji ndiyo magumu kuliko yote.

Barua yako niliikuta kwenye sanduku la posta tarehe 25. Nikaisoma palepale posta. Lakini nikuambie jambo ambalo barua haina kosa nalo. Simu tatu za mkazamjomba niliziona jioni ile ile ya tarehe 17, nilipotoka shimoni. Sikupiga. Niliogopa kwamba amejua. Siku tatu nilikuwa nazo mkononi.

Sasa yuko kwa dada yake. Dada mtu alikuja na gari, hakunisalimia, na alikuwa na haki. Kabla hawajaondoka nilitungua mkanda ukutani nikampa. Sikueleza kitu, sheria anaijua, nilimsimulia zamani nikiringa. Aliupokea kwa mkono wa kushoto akautia mkobani.

Kifundo

28 Juni

Mpwa,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi au kilio. Mkazamjomba wako sasa anajua. Nilipolia alitaka kujua nalilia nini. Amesimama na goti lake, amepanga nguo, na Jumamosi tunapanda basi kwenda kwa dada yake mkwe wangu. Kwako tutapita tukirudi, au hatutapita. Sijaamua.

Wiki hii niliwakalisha wanafunzi wakubwa wote mkekani, wanawake na wanaume. Sikutaja mtu. Niliwaambia yote aliyosema daktari, hata yale ya kitandani, nikiwa nimewatazama machoni. Nilitegemea wacheke. Watatu walikuja baada ya mazoezi, mmoja mmoja, kila mmoja ana rafiki yake anayetaka kuuliza. Mmoja wao nilimwandikia jina la daktari palepale.

Hukupiga simu. Hilo nitakuwa nalo. Lakini umeniambia mwenyewe wakati hakuna ambaye angejua, na hilo pia nitakuwa nalo.

Mkanda usiuulizie. Hata kwa macho.

Mjomba wako

14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo wewe, shikamoo mkazamjomba. Asanteni kwa kupita siku ile. Najua hamkukaa, lakini chai mlikunywa.

Lifti ya mlango mbovu imepona. Kazini, vijana walipoanza mazungumzo yao tena, niliwaambia. Sikusema rafiki. Nilisema mimi.

Dada yake ananiruhusu kwenda Jumapili, kwa saa moja, sebuleni, mlango wazi. Jumapili iliyopita mtaalamu wa matamshi alikuwa amemwachia zoezi, asome ratiba ya mabasi kwa sauti. Ameletewa ratiba halisi na msimamizi wake, ambaye bado hajaweka mtu wa kudumu kwenye kile kiti. Alisoma. Miji mitatu ilipita vizuri, wa nne ukamshinda, akaurudia, ukamshinda tena, akapiga meza kwa ngumi. Ngumi ya kulia, Mjomba! Sote wawili tukaitazama.

Zoezi la pili ni la mkono. Wamemwambia atafute kitu cha kufunga na kufungua mafundo. Akaingia chumbani akarudi na mkanda wangu. Alijifunga kiunoni juu ya gauni, polepole, ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika. Fundo la kwanza lililegea. La pili likakaa, bapa, masikio sawasawa, fundo ambalo ungelipitisha bila kuligusa. Akalifungua tena. Akaukunja mkanda mara mbili, akaushika mbele yangu, na mimi, kabla sijafikiri, nikanyoosha mkono.

Alinitazama. Akaukunja mara ya tatu, akaurudisha mkobani, akafunga zipu.

"Bado," alisema.

Neno lilitoka zima, Mjomba, na kwa sauti yake ileile ya kituoni.

Mpwa wako,
Kifundo